Meno ya kauri: kuondoa kasoro au kubadili maumbile?

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbile lililo bora kuliko yote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, kuna swali ambalo tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara, nalo hutujia kwa sura tatu. Mzazi anauliza kuhusu binti yake mwenye meno ya rangi ya kahawia, ambaye hacheki mbele za watu ila amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kijana anauliza kuhusu jino lake la mbele lililovunjika pembe alipokuwa akicheza mpira. Wa tatu meno yake hayana ila yoyote. Yeye anauliza kwa sababu ameona kwenye simu meno ya waimbaji na wacheza filamu yaliyo meupe kama karatasi, na moyo wake umeyatamani. Wote watatu wanataka kujua: je, inafaa Muislamu kubandikwa kwenye meno yake magamba membamba ya kauri, ambayo madaktari huyaita vinia?

Kwa kuwa swali lao ni moja, kila mmoja hudhani kuwa na jibu ni moja. Sivyo hivyo. Katika makala hii tutajaribu, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, kuonyesha kwa nini watu watatu wanaweza kuketi kwenye kiti kimoja cha daktari, wakafanyiwa kazi moja, na hukumu zao zikatofautiana.

Vinia ni kitu gani?

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukifahamu kwanza.

Vinia ni gamba la kauri ambalo kwa kawaida unene wake haufiki milimita moja. Hugandishwa upande wa mbele wa jino, ule unaoonekana mtu anapozungumza au kucheka. Kauri yenyewe asili yake ni madini ya ardhini yaliyochomwa kwa moto mkali, kwa hiyo hakuna najisi ndani yake ya kumtia mtu wasiwasi.

Chanzo cha jambo hili ni filamu za Marekani. Mnamo mwaka 1928 daktari wa meno wa California, Charles Pincus, alianza kuwatengenezea waigizaji magamba ya kupachika kwa muda wakati wa kupigwa picha. Hayakudumu, kwani hapakuwa na gundi ya kuyashika. Mwaka 1955 mtafiti Michael Buonocore, Mmarekani pia, alionyesha kwamba jino likipakwa asidi kidogo uso wake hukwaruzika kwa namna isiyoonekana kwa macho, na vitu vikaweza kushikamana nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wakagundua njia ya kuikwaruza kauri yenyewe kwa asidi, na tangu hapo gamba likawa linaganda na kubaki kwa miaka.

Leo kazi hiyo hufanyika aghlabu kwa vikao viwili au zaidi. Daktari hupima meno na fizi, kisha hukwangua sehemu ndogo ya tabaka gumu la nje la jino, liitwalo enameli, ili gamba lipate nafasi. Huchukua kipimo, hukipeleka kwa fundi wa maabara, na magamba yakiwa tayari huyagandisha kwa gundi maalumu inayokaushwa kwa taa.

Hapa ndipo pa kusimama na kutafakari. Enameli iliyokwanguliwa hairudi. Mfupa ukivunjika huunga na ngozi ikichubuka huota, lakini enameli haioti tena. Vinia nyingi zilizowekwa vizuri hudumu miaka kumi au zaidi, kisha hubidi zibadilishwe. Kijana wa miaka 20 anayeziweka leo anajifunga kuzibadilisha mara kadhaa katika umri wake, na kila mara kwa gharama mpya. Huu ni mlango ambao mtu huingia, wala hana njia ya kurudi alikotoka.

Tena wapo wanaoahidiwa vinia kumbe wanawekewa kofia kamili za meno. Kwa kofia, jino huchongwa pande zote hata likabaki kisiki kidogo. Madaktari wa meno wa Uingereza wamewatahadharisha mara nyingi wananchi wao wanaosafiri kwenda Uturuki na nchi nyingine kutafuta kazi ya bei nafuu, kisha wakarejea na maumivu na mishipa ya meno iliyokufa. Aulizaye kuhusu vinia na aulize kwanza jino lake litachongwa kiasi gani.

Meno yaliyopakwa rangi na maji

Sasa tumrudie yule binti wa kahawia. Wenyeji wa Arusha, miteremko ya Mlima Meru, sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, na vilevile wenzetu wa Nakuru na Naivasha nchini Kenya, wanaifahamu rangi hiyo tangu zama za mababu. Sababu yake ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuyeyuka katika maji ya chemchemi na visima.

Floraidi kidogo huliimarisha jino. Ikizidi, huliharibu jino lingali linajengwa ndani ya taya ya mtoto. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na vipo vyanzo kaskazini mwa Tanzania vinavyopita kiwango hicho mara nyingi. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka yake minane ya mwanzo, meno ya utu uzima hutoka yakiwa na michirizi myeupe. Hali ikizidi huwa ya kahawia, na ikizidi zaidi huwa na vishimo na humeguka. Mtu mzima aliyehamia huko meno yake yakiwa yamekamilika hapati rangi hiyo.

Kwa hiyo binti huyu hakufanya uchafu wowote. Amepiga mswaki kuliko wengi wetu, na mswaki hauwezi kuiondoa rangi iliyo ndani ya jino lenyewe. Lakini watu humcheka, wakamwita majina, na wakati wa posa wakanong'ona. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat amewakataza waumini kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Mtume wetu (SAW) naye ametufundisha kwamba kumkabili ndugu yako kwa tabasamu ni sadaka. Basi ni msiba gani kwa Muislamu aliyezuiliwa sadaka hiyo nyepesi kwa sababu ya ulimi wa jirani yake!

Hadithi ya mwanya

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Abdullah bin Mas'ud (RA) alieleza laana iliyowapata wanawake wanaochanja chale za rangi, wanaonyofoa nyusi, na wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri, wakibadili umbile la Mwenyezi Mungu. Mwanamke mmoja wa Bani Asad, Ummu Ya'qub, alimwendea akamwambia kuwa ameusoma msahafu wote wala hakuliona jambo hilo. Ibn Mas'ud akamkumbusha aya ya saba ya Suratul Hashr, inayowaamrisha waumini kuyashika anayowapa Mtume na kuyaacha anayowakataza.

Sisi watu wa lugha ya Kiswahili tunaifahamu hadithi hii kwa karibu, kwani mwanya kwetu umesifiwa kwa karne nyingi kuwa ni pambo la uso. Aliyezaliwa nao amepewa na Mola wake, naye hana lawama. Kinachozungumzwa ni kuliendea jino zima kwa tupa ili kutengeneza mwanya ambao haukuwapo. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha Sahihi Muslim, anaeleza kuwa wanawake wenye umri mkubwa walikuwa wakifanya hivyo ili waonekane wasichana. Kisha akabainisha kwamba makatazo yamefungamana na kutafuta uzuri. Ama likifanyika kwa haja ya matibabu au kwa kasoro iliyopo kwenye jino, hapana ubaya. Na katika riwaya ya Imamu Ahmad kutoka kwa Ibn Mas'ud, makatazo ya kuchonga meno yamefuatiwa na kuvuliwa kwa mwenye maradhi.

Ushahidi wa pili ni wa sahaba Arfaja bin As'ad (RA), ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za ujahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya, na Mtume (SAW) akamuamuru atumie ya dhahabu. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Sote tunajua kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuivaa kama pambo. Hata hivyo kwa Arfaja iliruhusiwa, kwa kuwa ilikuja kuziba pengo na kuondoa madhara. Tirmidhi ameongeza kwamba si mwanazuoni mmoja tu aliyepokewa kuwa alikaza meno yake kwa dhahabu.

Wanazuoni wa zama zetu wamepita njia hiyo hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo na zile zilizosababishwa na ajali au maradhi, pale zinapomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Likakataza ule unaobadili umbile lililo sawa kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Mizani ya mambo matatu

Tukirejea sasa kwa waulizaji wetu, jibu linaanza kuonekana. Binti aliyeharibiwa meno na maji, na kijana aliyevunjika jino, wanarudisha meno yao katika hali ambayo meno ya watu huwa nayo. Huko si kubadili maumbile. Wa tatu anakwangua jino zima alilopewa na Mola wake ili alifiche chini ya jingine. Tuonavyo sisi, huyu ndiye aliye karibu zaidi na makatazo, na juu ya hayo anaingia katika israfu. Ama meno yaliyopindana au kuachana sana, hukumu yake inafuata ukubwa wa kasoro: je, mtu wa kawaida akiyaona atasema hii ni ila, au ni tofauti ndogo ambazo Mwenyezi Mungu amezigawa kwa waja wake?

Lakini hata kwa aliyeruhusiwa, kanuni ya fiqhi inatueleza kuwa haja hupimwa kwa kadiri yake, na kanuni nyingine kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kwa hiyo tunamshauri kila mwenye haja ajipime kwa mambo matatu.

Kwanza, kasoro ni ya kweli? Amuulize mtu mwaminifu wa nyumbani kwake, asiiulize picha ya simu.

Pili, hakuna njia nyepesi zaidi? Rangi iliyoletwa na chai, kahawa, tambuu au tumbaku mara nyingi hutoka kwa kusafishwa ukoga na daktari. Rangi ya manjano huweza kufifishwa kwa dawa za kung'arisha. Madoa ya floraidi yasiyo makali yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa kwa asidi na unga laini, kazi ya daktari peke yake, wala mtu asijaribu nyumbani. Pembe iliyovunjika huzibwa kwa resini yenye rangi ya jino, mara nyingi bila kukwangua kitu. Meno yaliyopindana hunyooshwa kwa waya. Ikiwa moja ya njia hizi inatosha, kulikata jino lililo hai ni kuvuka mpaka wa haja. Vinia ni kwa ajili ya yale yaliyoshindikana: kahawia iliyozama, vishimo, au rangi nzito inayoachwa na dawa ya tetrasaikilini iliyomezwa utotoni.

Tatu, ataweza kuitunza? Mwenye kusaga meno usingizini, mwenye fizi zinazotoka damu na mwenye meno yaliyooza hutibiwa hayo kwanza. Mwenye vinia hafungui soda kwa meno, hatafuni mifupa wala miwa kwa meno ya mbele, na mswaki haumwachi, kwa sababu jino lililo nyuma ya gamba huoza kama jino jingine lolote. Aliyekopa ili aweke, atalipa nini miaka kumi ijayo? Watoto nao hawafanyiwi kazi hii; aghlabu madaktari husubiri mpaka taya na fizi zikomae, karibu na umri wa miaka 18.

Wala mtu asikabidhi mdomo wake kwa asiyejulikana. Siku hizi wapo wanaobandika meno saluni na majumbani kwa gundi zisizojulikana. Kwa Tanzania Bara daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya lipo baraza la madaktari na madaktari wa meno. Kuuliza usajili si kumvunjia mtu heshima. Mtume (SAW) amefundisha kuwa anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta.

Josho, saumu na ndoa

Wengi huuliza: je, gamba halizuii maji wakati wa udhu na josho la janaba? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, kusukutua ni sunna katika vyote viwili, kwa hiyo hakuna tatizo. Ama kwa madhehebu ya Hanafi, ambako kusukutua ni faradhi katika josho, wanazuoni wao wa sasa wanakichukulia kilichogandishwa kwa haja na kisichotoka ila kwa mashaka kuwa kimeshika hukumu ya jino lenyewe. Mtu akifariki navyo having'olewi.

Kuhusu Ramadhani, Baraza hilo hilo la Fiqhi, katika kikao chake cha kumi huko Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kutoboa jino, kuling'oa au kulisafisha hakufunguzi maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Hata hivyo, kwa kuwa kazi ya vinia si ya dharura, kuisogeza hadi usiku au baada ya Idi ni salama zaidi kwa saumu.

Swali zito zaidi ni la posa. Je, aliyeweka vinia anapaswa kumweleza mchumba? Rangi ya meno haimo katika kasoro ambazo mafakihi wamezitaja kuwa zinavunja ndoa. Tena rangi ya floraidi hairithiwi. Mtoto wa mama mwenye meno ya kahawia, akilelewa kwa maji salama, atatoka na meno meupe. Pamoja na hayo, ndoa ni amana, na gharama za kubadilisha vinia zitaingia katika nyumba ya wawili. Kusema mapema kwa ustaarabu kunalinda mapenzi, na mume atakayemkimbia mke kwa sababu ya maji ya kijijini kwao hakustahili kumpata.

Wajibu ulio mkubwa zaidi

Mwisho, tunawageukia wazazi walio katika maeneo hayo. Fedha ya vinia sita au nane za binti mmoja ni nyingi. Meno ya wadogo zake yangali yanajengwa sasa hivi, na kinga yao ni nafuu kuliko tiba ya dada yao.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi ukali. Yavuneni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto. Magadi ya kulainishia maharage na mahindi katika baadhi ya sehemu yana floraidi nyingi. Yapunguzeni au yaacheni. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, na kunyonyesha miaka miwili iliyotajwa katika Qur'ani ni kinga juu ya kinga. Mtoto wa chini ya miaka mitatu dawa yake ya mswaki iwe kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kuitema. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Kamati za misikiti zinazotafuta sadaka ya kudumu na zifikirie matangi ya maji ya mvua na vichujio vya aina hiyo kwenye madrasa zetu. Kisima kinachochimbwa bila maji yake kupimwa kinaweza kuwapa watoto wa kijiji kizima meno yale yale tunayoyalilia leo.

Ndugu zetu katika imani, dini yetu inapenda uzuri, na haikumfaradhia mtu kubaki na kasoro inayomwondolea raha. Imetutaka tu tujue tofauti ya kuponya na kutamani. Mwenye kuhitaji na atibiwe bila ya kuona haya. Aliyepewa meno mazima na amshukuru aliyempa, ayapigie mswaki, na aachane na tupa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie shukrani kwa umbile alilotupa, awaponye wenye maradhi, na azilinde ndimi zetu zisiwavunje waja wake. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.